Boza la Hadhi la Ndugu Basil

"Wananchi wa Nanyeto mnatangaziwa ya kwamba kuanzia leo hakuna kiongozi yeyote wa upande wa Masasi na Newala atakayetembea kwa miguu eti kwa sababu gari lake la mbio limepelekwa kutengenezwa."

Ndugu Basil Lukindo alilisoma tangazo hilo yeye mwenyewe, amesimama juu ya benchi mbele ya ofisi ya kijiji, suti yake ya Kaunda imepigwa pasi mpaka mikunjo ya suruali inakata. Akanyamaza kidogo ili kuwapa watu nafasi ya kufurahi. Watu wakapiga makofi. Makofi yalikuwemo kwenye ratiba, baada ya kikohozi cha mwenyekiti.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, na Ndugu Basil alikuwa Mkuu wa Ofisi ya Mwendo na Hadhi za Viongozi. Ofisi hiyo aliipendekeza yeye, akaikubali yeye, kisha akajipongeza. Kiongozi mwenye gari la mbio katika eneo zima alikuwa mmoja, naye ni yeye, kwa hiyo kazi ya kupanga nani atangulie kuhudumiwa haikuwa nzito sana.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu kama bibo lililoiva, la milango miwili, limelala chini hata kuku hapiti uvunguni bila kuinama. Wageni fulani wa Ulaya waliokuja kutazama korosho ndio walioliacha. Azimio lilimkataza kiongozi kujilimbikizia mali, na Ndugu Basil alilijua Azimio kwa moyo. Gari lilikuwa la umma. Yeye alijitolea tu kulikalia. Na kwa kuwa ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, na pakitulia milio yake ilisikika mpaka Newala, aliandika kwa wakubwa kwamba kiongozi wa mpakani lazima awe na gari la kukimbia. Kukimbilia upande gani, hakuandika.

Alikuwa na haja moja tu hapa duniani: kuhamishiwa Dar es Salaam, kwenye lami, ambako gari kama lile lingenyoosha miguu. Mgeni Rasmi wa mkoa angekuja Saba Saba, na ilisemekana uhamisho wa Ndugu Basil ulikuwa tayari, umebaki kutamkwa. Kwa hiyo ilikuwa lazima mgeni amkute na hadhi yake yote, haijapungua hata punje.

"Kuna swali?" aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka swali.

Mama Leonia alisimama taratibu, akijifunga kitenge vizuri. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Mimi nauliza boza."

Watu wakageuza shingo. Nanyeto kilikuwa kijiji kipya. Mwaka uliopita walikuwa bado kule bondeni, kila ukoo na chemchemi yake, maji ya kuoga na ya kumwaga. Wakaambiwa wapande juu wakae pamoja kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari kama meno, na maji yatawafuata kwa gari. Kweli, maji yaliwafuata. Boza, lori lenye tangi, lilipanda kutoka kwenye pampu ya bondeni, Lukmani kwenye usukani, na Nanyeto ikaishi kwa boza hilo. Shimo la kuvuna maji ya mvua lilikuwa limekwisha kauka, limebaki na vyura wawili watatu wasio na la kufanya.

"Boza lina nini?" alisema Ndugu Basil.

"Halina kitu, Baba. Nataka kujua tu kama litaendelea kuja. Leonia amejifungua juzi. Mtoto anataka kuogeshwa."

"Boza litaendelea," alisema Ndugu Basil, akaandika kwamba mkutano ulikwisha kwa furaha.

Wiki ile ile gari jekundu lilizimika kwenye mchanga. Lilikokotwa na ng'ombe wa misheni mpaka penye changarawe, likasukumwa na wanafunzi wakiimba, likashushwa Masasi kwenye Kituo cha Huduma Maalumu kwa Wenye Magari ya Mbio. Kituo hicho kilikuwa gereji ya zamani iliyopakwa chokaa. Palikuwa na chumba cha kungojea chenye kochi, kalenda, na zulia ambalo mafundi walikatazwa kulikanyaga. Mteja alipewa chai ya maziwa na mkate wa siagi. Spana hazikuwepo za kutosha, lakini chai haikukosekana.

Fundi mkuu, Dastani, alichungulia chini ya boneti, akachomoa eaklina, lile chujio la hewa, akaigonga sakafuni. Mchanga ukamwagika kama unga kwenye ungo.

"Ndugu, gari limekula uwanda mzima."

"Litapona lini?"

"Spea ni ya Ulaya. Ikifika Dar itapanda meli kuja Mtwara. Ikifika Mtwara itapanda lori. Lori likifika..."

"Kabla ya Saba Saba?"

"Inshallah."

"Basi nipe gari la badala."

Dastani alimtembeza uani. Palikuwa na Landrova iliyokaa juu ya matofali, baiskeli ya tarishi, na boza la Nanyeto lililoletwa kubadilishwa oili, Lukmani amelala kwenye kivuli chake.

Ndugu Basil alifungua mwongozo alioutunga mwenyewe. Ulisema gari la badala lisipungue hadhi ya gari lililo gereji, na hadhi ipimwe kwa magurudumu, kwa maana nguvu za injini hazionekani lakini gurudumu hata mtoto analiona. Baiskeli ilishindwa papo hapo. Landrova haikuwa na gurudumu hata moja. Boza lilikuwa nayo sita, pamoja na la akiba.

"Limeshinda," alisema.

Lukmani aliamka. "Ndugu, hilo kesho linapeleka maji Nanyeto."

"Nanyeto watapelekewa maelezo."

"Wataogea maelezo?"

"Lukmani, washa gari."

Ndipo Ndugu Basil alipoingia Newala akiwa juu kuliko alivyopata kuwa. Katika gari jekundu alikuwa akitazama magoti ya watu. Sasa alitazama mapaa. Alipunga mkono, na watu wakaacha walilokuwa wakifanya wakaanza kukimbia, kila mmoja kuelekea nyumbani kwake. Aliona ni haya ya wananchi mbele ya kiongozi. Kumbe walikwenda kuchukua vyombo.

Maana uwandani desturi ni hiyo: boza likisimama, unatanguliza chombo chako. Ndoo, debe, sufuria, hata kibuyu, ukishakiweka kwenye mstari kimekaa mahali pako, na hakisogezwi na mtu. Ndugu Basil alipotoka ofisini kwake mstari ulikuwa umeanza penye ngazi na kuishia posta. Alikwenda kwa kinyozi, akatoka nusu kidevu kina sabuni, mstari uko mlangoni. Jioni alipita kumjulia hali Perpetua, mama mmoja mjane ambaye Ofisi ilikuwa ikimjulia hali mara kwa mara. Ilikuwa ziara ya faragha. Alipochungulia dirishani aliona madebe yamezunguka nyumba, na wake za maofisa wenzake wamekaa juu yake wakisuka ukili.

"Ndugu Basil yumo?" mmoja alimwuliza Perpetua.

"Hayumo."

"Haidhuru. Boza limo."

Maji yaliyokuwemo yaliisha siku hiyo hiyo. Tangu hapo boza lilizunguka tupu, likilia kama ngoma kila penye shimo, na Lukmani akapewa amri asishuke bondeni, kwani boza likijaa linakuwa zito na mwendo unashuka.

Nanyeto walipokwisha kunywa maelezo yao, Mama Leonia alifunga safari kwa miguu mpaka Newala. Alimkuta Ndugu Basil ofisini, boza limeegeshwa mbele ya dirisha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Leonia. Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, ila ananuka. Tunampangusa kwa majani ya mgomba. Nimefuata boza letu."

Ndugu Basil alikunja vidole kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mama, boza lile kwa sasa si boza. Kiofisi ni gari la badala. Ukiliona unaona hadhi ya Chama na Serikali inatembea."

Mama Leonia alilitazama kupitia dirishani, kwa makini, kuanzia matairi mpaka kifuniko. "Na hiyo hadhi haiwezi kutembea na maji ndani?"

"Inapunguza mwendo."

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Popote."

"Ahaa." Alikuwa mwanamke asiye na haraka, aliyekwisha lea watoto na wajukuu na kuzoea kungoja chungu kichemke. "Na huyo Mgeni Rasmi wa Saba Saba atakuona ndani ya hilo?"

"Mungu apishe mbali. Lakini spea isipofika, ndiyo."

"Basi usione haya, Baba. Sisi kina mama tutakupokea. Kiongozi akija na gari kubwa namna ile hapokelewi kimya."

Ndugu Basil aliguswa. Aliandika kwamba wananchi wa Nanyeto wameelewa.

Kesho yake alipopita Nanyeto alikuta kina mama barabarani na khanga zao, vigelegele vinapaa, na wimbo umekwisha tungwa:

*Basil, baba, mleta maji,*
*mkono wake una baridi.*

Ulikuwa wimbo mtamu. Shida yake ni neno moja tu: maji. Ndugu Basil alishuka akiwa anatabasamu, Mama Leonia akampa mpira wa maji mkononi, mstari wa vyombo ukamtazama, na mpira ukatoa upepo.

Hakuna aliyecheka. Waliimba tena tangu mwanzo.

"Lukmani," alisema Ndugu Basil, jasho linamtoka, "shuka bondeni ukajaze. Haraka."

"Mwendo utapungua, Ndugu."

"Nenda."

Tangu siku hiyo wimbo ulitangulia na maji yakafuata. Akisimama Lulindi, wanaimba; akienda sokoni, wanaimba; na hakuweza tena kufika mahali bila tangi kujaa, kwa maana kupokelewa kwa wimbo ule tangi likiwa tupu ni jambo gumu kwa mtu mwenye cheo. Lukmani alipotaka kushika mpira, kina mama walikataa. Walisema maji yakitoka mkononi mwa kiongozi hayachachi. Ndugu Basil alipima kauli hiyo, akaona ina ukweli. Akavua koti. Siku nyingine akavua viatu. Mjukuu wa Mama Leonia aliogeshwa akang'aa.

Saba Saba ikakaribia, na spea ikafika. Dastani alilileta gari jekundu yeye mwenyewe, limeoshwa, akiliendesha polepole kama anayebeba mayai. Ndugu Basil aliagana na boza bila chozi. Alivaa suti kavu, akaegesha gari lake penye uwanja wa Nanyeto, ambako mkutano ulipangwa, akasimama kando yake mkono mmoja juu ya paa.

Mgeni Rasmi alifika amechelewa, gari lake limevunjika springi mlimani, kavaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakaa. Akatoa bahasha mfukoni, ndefu, na Ndugu Basil akaitambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake kwa mbali.

"Kabla sijasema lolote juu ya Ndugu Basil," alisema mgeni, "nataka kusikia wananchi."

Mama Leonia alisimama. "Shikamoo, Baba. Sisi hatuna maneno mengi. Huyu bwana wengine wanasema ni mtu wa makuu. Uongo. Huyu analeta maji kwa mkono wake mwenyewe, pekupeku. Hatujapata kuona kiongozi wa hivyo tangu tupandishwe huku. Tunaomba kitu kimoja tu, asihamishwe."

Wimbo ukaanza nyuma yake. Ulikuwa na beti mpya.

Mgeni Rasmi alitoa leso. Alitazama viganja vya Ndugu Basil, vilivyoota sugu ya mpira, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Mkoa mzima unatafuta mtu kama huyu," alisema. "Tungempoteza Dar es Salaam, kwenye makarani." Akaichana bahasha katikati, kisha vipande akavichana tena, taratibu, ili wote waone.

"Mheshimiwa," alisema Ndugu Basil, "ningependa kueleza..."

"Usieleze, Ndugu yangu. Unyenyekevu wako tumeuona. Kuanzia leo wewe ni Mkuu Mkazi wa Boza. Makazi yako ni hapa hapa Nanyeto."

Makofi yalikuwa marefu, na safari hii hayakuwemo kwenye ratiba. Kisha Mgeni Rasmi akauliza habari ya gari lake lililovunjika springi, Dastani akasema litachukua muda, na hivyo mgeni akaingia kwenye lile jekundu, akakunja magoti mpaka kidevuni, akaondoka kuelekea Mtwara akikwaruza mchanga. Ndugu Basil aliliangalia mpaka likapinda.

Alipogeuka Lukmani alikuwa amekwisha egesha boza. Mstari ulianza miguuni pake na kuishia mbali, kwenye nyumba za mwisho. Mpira ulikuwa tayari mkononi mwake. Hakukumbuka ni nani aliyempa.

"Uinue kidogo, Baba," alisema Mama Leonia. "Unamwaga."