Gari Linalolia

Jumatatu, 3 Machi
Klachi imekwisha. Fundi Sarpong kaingia uvunguni mwa Pijo langu la kubebea maiti, katoka anatikisa kichwa. Beringi inalia, pleti imelika. Anataka vibadilishwe vyote, la sivyo mlima wa Mampong utanirudisha kinyumenyume. Nikasema nitafikiri. Akanicheka eti, mjomba, fikiri ukiwa kwenye tambarare. Hana adabu!

Jumatano, 5 Machi
Nimebeba marehemu. Kila nikikanyaga klachi, gari linalia: uuuuiii! Niliona aibu. Kumbe wajane wamefurahi! Wamesema hata gari lina uchungu, si kama lile la Boadu, mshindani wangu, lenye king'ora. Basi sibadilishi kitu. Nimeandika ubavuni: GARI LINALOLIA. Akili ni mali!

Alhamisi, 6 Machi
Ajabu. Niliegesha mbele ya Maame Pokuaa, muuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi. Injini nimezima, ufunguo mkononi. Gari likalia. Pokuaa akapiga kelele, "Wee, ondoa mkosi wako hapa!" Saa tisa alasiri akaanguka, akafa. Nikakimbia kwa wanawe kabla ya Boadu. Kazi nimepata mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Limelia kwa kinyozi. Kinyozi kafa adhuhuri. Sasa namjua mteja kabla mwenyewe hajajijua! Sarpong kaja na vipuri vipya, hataki hata malipo. Kanishika mkono. "Mjomba, nakusihi, tuvifunge leo." Katumwa na Boadu huyo! Nimemfukuza.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi. Gari linalia uani kwangu, tena vibaya, halijawahi kulia hivi. Naishi peke yangu, kwa hiyo mteja ni jirani. Nimepiga hodi nyumba zote kutoa pole mapema. Wote wazima! Wamenitukana mpaka bibi yangu aliyeko kaburini.

Hata hivyo kazi haingoji. Leo napandisha maiti Mampong. Pleti inateleza, lakini mlima naujua.

Boadu kasimama ng'ambo ya barabara na nguo yake nyeusi ya msiba. Nilipotoka na ufunguo kavua ndala, kashusha nguo begani, kainamisha kichwa, vile tunavyosimama mbele ya maiti. Kwangu mimi! Miaka kumi ya kunidharau, leo kakiri kuwa bingwa ni nani. Nimempungia mkono. Ngoja niwashe gari.