Mpwa Wangu Atazama Saa Nne Kamili

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi imepatikana. Msimamizi wa bwawa la kuogelea anatafuta mwokoaji wa bwawa la watoto, na atachagua mmoja kati yetu wafanyakazi. Miaka sita natunza makabati ya nguo. Sita! Nimechoka kunusa soksi za watu. Mwokoaji ana kiti kirefu, mwavuli na filimbi. Mafunzo siku tatu, Jumamosi mtihani. Mpinzani wangu ni mmoja tu, Mama Tiketi wa dirisha la kuingilia. Miwani minene, magoti yanalia akipanda ngazi. Nimeshaanza kujaribu kofia mbele ya kioo.

Jumanne, 4 Machi
Muuguzi kaja na mwanasesere wa plastiki, ukubwa wa mtoto wa miaka mitano. Kabla hajafungua mdomo nikamwonyesha utaalamu wangu: nikamshika mwanasesere miguu, kichwa chini, nikamtikisa maji yatoke. Mguu mmoja ukabaki mkononi mwangu.

Muuguzi akasema, kwa upole unaoudhi, kwamba nimepoteza dakika ambayo mtoto hana. Kama hapumui, laza kichwa nyuma, inua kidevu, mpulizie pumzi tano. Bado? Kandamiza kifua mara thelathini, pumzi mbili, uendelee hivyo hivyo. Mama Tiketi akaandika yote nyuma ya tiketi za zamani. Kujipendekeza tu.

Jumatano, 5 Machi
Leo kukandamiza. Nilitia nguvu zangu zote, kifua cha mwanasesere kikaingia ndani na hakikurudi. Muuguzi akasema mtoto si godoro. Mama Tiketi alitumia mkono mmoja, akihesabu kwa sauti kama anavyohesabu watu mlangoni. Msimamizi alipita, akamsifu. Mimi akaniuliza kama nimefunga makabati. Iliniuma sana.

Alhamisi, 6 Machi
Sikwenda darasani. Nina mpango.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka saba na anaogelea kidogo. Jumamosi saa nne kamili, msimamizi akiwepo, atajifanya anazama. Atapunga mikono na kupiga kelele kwamba mjomba amwokoe. Mjomba ataruka. Nani atauliza habari za mtihani tena? Tumefanya mazoezi sebuleni juu ya zulia. Ana kipaji, jirani aligonga ukuta mara mbili. Malipo ni pakiti mbili za biskuti. Dada hajui lolote. Anasema amefurahi kuona nimeanza kumjali mwanawe.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne mpwa aliingia majini. Nikamkaribisha msimamizi kiti, nikavua shati. Nikasubiri. Kimya. Mtoto alikuwa ameteleza upande wenye kina, yuko wima, kichwa nyuma, maji yanaingia mdomoni na kutoka, hasemi neno. Nikaudhika, nikadhani kasahau maneno yake. Nikamwashiria apige kelele. Nikamwashiria tena. Msimamizi akaniuliza nacheza na nani.

Hapo Mama Tiketi akanipita mbio, na viatu vyake, na miwani yake, akatumbukia.

Alimtoa hapumui. Midomo imebadilika rangi. Mimi, Mungu anisamehe, nikaenda kushika miguu nimning'inize. Mama Tiketi akanisukuma kwa kiwiko na kuniambia niite gari la wagonjwa. Niliita. Hilo tu ndilo nililofanya sawasawa. Kichwa nyuma, kidevu juu, pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, mtoto akakohoa, akatapika maji, akaangua kilio. Sijawahi kusikia sauti nzuri namna ile. Nikakaa chini bila shati, nikalia mbele ya watu wote.

Baadaye muuguzi aliniambia mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Mdomo unahangaika kutafuta hewa. Alisema alilifundisha Alhamisi.

Jumapili, 9 Machi
Daktari alimlaza mtoto ili amwangalie hadi asubuhi. Leo karudi nyumbani, mzima kabisa, anadai biskuti zake. Nikapeleka pakiti nne. Dada alizipokea, akafunga mlango. Ana haki.

Mama Tiketi kapewa kiti, mwavuli na filimbi. Nilimshukuru mpaka nikaishiwa maneno. Akaniambia nirudi darasani, safari hii nikae mbele. Nimeapa sitamtumia mtoto tena maishani mwangu, na ninamaanisha.

Jioni nimesikia bwawa la wakubwa nalo linataka mwokoaji. Mtihani Jumamosi ijayo. Nimeshazungumza na kinyozi wa jirani na bwawa. Ni mtu mzima, ana sauti nene, na amekubali. Tena hajui kuogelea hata kidogo, kwa hiyo hatuhitaji mazoezi.