Hiki Ninachokimeza Si Machozi

Kwa Baba Mkwe mheshimiwa,

YAH: KUPINGA UAMUZI WA KIKAO CHA FAMILIA

Shikamoo. Mimi mkweo wa huku mbali ni mzima, isipokuwa pua. Shemeji amenipigia kuniarifu kwamba mmekaa kikao mkakubaliana nirudi nyumbani, kwa sababu kila nikipiga simu nasikika nikilia. Kwa heshima zote, napinga. Silii. Nina makamasi. Samahani kwa neno hilo mbele ya mkwe, lakini shule niliiachia njiani, sikufika darasa wanalofundisha jina lake la adabu. Tena hayatoki kwa mbele kama ya watu wengine. Yanashukia nyuma, kooni, tangu nilipohamishiwa kwenye mashine ya msasa, penye vumbi, hapa kiwanda cha mbao.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Koo. Kabla ya kila neno lazima nilisafishe. Binti yako akiniuliza kama nimekula, najibu, "Khm, khm, nimekula," naye anasema, "Mume wangu, mbona unajikaza?" Sijikazi. Nasafisha njia.

2. Kumeza. Yanashuka, nameza, yanashuka, nameza. Mama Mkwe amenisikia kwenye simu akatangaza kwamba mtoto wa watu anameza mate kwa njaa. Naomba atangaze tena kwamba nimeshiba. Sehemu kubwa ya shibe hiyo ni hayo hayo makamasi, ndiyo maana asubuhi nikiona chai moyo unachafuka.

3. Sauti. Inakwaruza kama randa butu. Mjukuu wako alipewa simu akasema, "Huyu si baba, huyu ni babu," akaenda kucheza. Nimechukua cheo chako bila kukusudia, uniwie radhi.

4. Kikohozi. Nikilala chali nakohoa, hivyo nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, kitanda cha juu. Mwenzangu wa kitanda cha chini, tunayemwita Betri kwa kuwa mdomo wake hauzimi, anasema namlinda kama askari wa benki na hana cha kuibiwa.

5. Pumzi. Hii nakwambia wewe tu. Kinywa kinanuka. Sijui mwenyewe, naambiwa. Nyapara siku hizi ananipa maagizo kwa mikono akiwa ng'ambo ya mashine. Wengine wanadhani nimekuwa kiziwi, na kweli sikio la kulia limeziba, kwa hiyo hata kuwabishia siwezi.

6. Kunusa. Binti yako alinitumia shati la mtoto lisilomtosha tena, bila kulifua, ili nipate harufu ya nyumbani. Nilizamisha uso mzima ndani yake. Ni kama nanusa tofali. Nikapiga simu kushukuru, "Linanukia sana, mke wangu," huku navuta pua. Hapo ndipo yeye alipolia, mkasema tumelia wote. Aliyelia ni mmoja. Mwingine alikuwa anavuta makamasi.

Basi naomba kikao kingine kiitishwe, ajenda iwe moja: makamasi. Azimio lisomwe kwa sauti mbele ya Mama Mkwe, mashangazi na yule jirani wa ukuta mmoja, kwamba mkwe huyu hana huzuni ya aina yoyote, na atabaki huku hadi mkataba uishe na chumba cha mtoto kipate paa. Kama kuna wa kulaumiwa, ni wewe, Baba. Pua hii uliiona siku nilipokuja kuposa. Iliingia mlangoni kabla yangu, na hukupinga.

Nisalimie wote hapo nyumbani bila kumruka hata mmoja. Mjukuu wako mwambieni yule babu wa kwenye simu ndiye baba.

Ni mimi mkweo mwenye macho makavu,
Wa Msasa

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutumwa kwa kuwa nilikwenda kwanza zahanati. Nikapewa dawa ya matone na maji ya chumvi ya kusafishia pua. Namshukuru Mungu, yamekauka yote. Koo safi, sauti imerudi, Betri analala. Leo asubuhi nikalitoa lile shati chini ya mto. Pale kwenye kola, Baba, yupo. Jasho lake la kucheza juani, na yale mafuta anayopakwa na mama yake. Betri akaniuliza, "Vipi, mafua yamerudi?" Nikamwambia yamerudi.

Kikao chenu kilisema nije lini?