Ngoma Yangu Haimtaki Kocha

Jumanne, tarehe 6 Mei

Nimeamua. Kocha ataondoka! Nimeamua mimi, mpiga ngoma mkuu wa timu, fundi bati mstaafu, mtu niliyeishia darasa la nne lakini mwandiko wangu hata karani angeuonea wivu.

Jumamosi tulitoka sare tena. Bila bila. Na Kocha Taratibu, ndivyo tunavyomwita, akapiga makofi kama mtu aliyeposa akakubaliwa. Msimu wa tatu huu hatupandi, hatushuki. Tumening'inia katikati kama ndoo iliyokwama kisimani. Kombe la mwisho la timu hii nililibusu nikiwa na meno yote. Nataka jingine kabla hawajanifukia. Ni mengi hayo?

Leo kibandani kwa kinyozi mjadala umechacha. Kinyozi tunamwita Wembe, na Wembe anamtetea kocha. Ati kabla yake tulibadilisha makocha kama soksi, tukashuka daraja. Nikamjibu ndiyo, tulishuka, lakini tulishuka kwa kishindo! Watu walilia! Siku hizi nani analia? Benchi zima likacheka, wawili wakaniunga mkono. Wembe akasema nitulie asije akanikata sikio. Nikamkumbusha kichwa changu hakina nywele, nimekuja kukaa tu.

Jumapili ya tarehe 18 ni mkutano wa wanachama. Kura itapigwa: abaki au aende. Aende!

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Mpango umeiva. Nagoma. Keshokutwa ngoma yangu hailii. Timu bila ngoma ile ni mkokoteni bila gurudumu. Watafungwa hadi waombe mpira uishe, kocha atabebeshwa lawama, mkutano utammaliza. Akili hii sikuipata shuleni.

Nimemweleza mke wangu. Anauza chai pale uwanjani, kwa hiyo anajiona mchambuzi. Akasema kocha ni mtu mzuri, humsalimia vizuri na hunywa chai bila kulalamika. Nikasema tunatafuta kombe, hatutafuti mkwe. Akasema, haya baba watoto, na wewe humu ndani umeleta kombe gani? Nikapuliza kikombe changu. Chai ilikuwa ya moto.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Shida ni shikamoo zake. Kila akiniona, kocha huinama, shikamoo mzee wangu. Sasa utaitikiaje marahaba halafu umng'oe mtu kazini? Si uungwana. Basi leo nikapita nyuma ya vyoo nisikutane naye. Nikamkuta huko huko, ananawa mikono. Shikamoo mzee wangu. Marahaba! Mdomo huu una tabia mbaya.

Nikaikalia ngoma, mikono kifuani. Uwanja kimya kama msibani.

Tukashinda mbili bila.

Mbili! Timu ambayo bao moja tu huliomba kwa magoti! Nahodha akawaambia watu kwamba leo ndiyo mara ya kwanza wamesikiana uwanjani, beki akiitwa anageuka. Wembe akaja kunishika bega mbele za watu, akaniomba niendelee kugoma, hata milele kama nina nafasi. Wakacheka mpaka wakashikana.

Wajinga. Hawaulizi ukimya ule ulikuwa wa nani. Ulikuwa wangu!

Jumatano, tarehe 14 Mei

Mpango wa pili. Mkali kuliko wa kwanza.

Kila mtu anaijua ngoma yangu. Tukishambulia napiga mbio mbio. Tukirudi nyuma kulinda napiga polepole. Hata wapinzani wanajua. Sasa nitaigeuza! Vijana wetu wakienda mbele nawapigia ya kurudi, wakirudi nawapigia ya kwenda. Watagongana kama mbuzi. Kocha kwisha.

Roho inauma kidogo. Ni timu yangu. Lakini ni mechi moja tu, kwa ajili ya kombe.

Nimeikaza ngozi juani. Mke wangu akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema nimekumbuka jambo.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Nimepiga kinyume mpaka mkono ukafa ganzi. Vijana wetu hawakugeuza hata shingo. Kumbe misimu yote hii kocha amewafundisha kutoisikiliza ngoma yangu! Msaliti!

Waliosikiliza ni wapinzani. Sisi tunashambulia, mimi napiga ya kurudi, wao wanalegea na kupanda juu. Bao. Sisi tumebanwa golini kwetu, mimi napiga ya kushambulia, wao wanakimbia kulinda na mpira wanatuachia, tunakwenda nao. Bao. La tatu likaingia nikajikuta nimemkumbatia Wembe. Nilimwachia haraka.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Mkutano, darasani, kwenye viti vya watoto. Magoti yamefika masikioni. Hata hivyo nikasimama nikahutubia. Nikasema kocha huyu ni maji ya uvuguvugu, hayakogeki, hayanyweki. Nikapata makofi kiasi. Wembe akainuka akauliza, mechi mbili mabao matano, mzee wetu anataka nini tena? Nikasema mabao yale ni yangu!

Darasa likavunjika mbavu kwa kicheko. Mke wangu akainamia birika lake.

Kocha hakucheka. Akasimama, akasema mzee anasema kweli. Ameona jana jinsi wapinzani walivyochanganywa na ngoma. Akaomba, kama atabakishwa, msimu ujao ngoma ihamishwe, ikae papo hapo nyuma ya benchi la wageni, na mzee apige anavyotaka, bila kupumzika. Halafu akasema kombe likija, wa kwanza kulibusu awe mzee wake.

Kura ya mikono: nani anataka abaki? Yote ikapanda. Wa mke wangu, ukiwa na kikombe. Wangu nao ulikuwa juu, sikatai, lakini nilikuwa najikuna nywele.

Jumatatu, tarehe 19 Mei

Nimewaza usiku kucha na nimeelewa. Mtu anayepangiwa na kocha pa kukaa, ambaye mbinu za timu zinamtegemea, huitwa nani? Kocha msaidizi! Hakuna jina lingine. Nimemwambia mke wangu. Akauliza kama kocha msaidizi anaweza kumbebea birika hadi uwanjani. Nimelibeba. Kwa hadhi.

Na kocha msaidizi kazi yake ni nini? Kusubiri mkuu ateleze. Huyu atateleza tu, nitasaidia.

Nimekutana naye getini. Shikamoo mzee wangu. Nikaitikia marahaba safari hii bila aibu yoyote, huku nalipima kwa macho lile koti lake la benchini. Mabegani litanikaa sawasawa. Mikono ndiyo itabidi ipunguzwe.