Saa Sita Zilizoongezwa Kwenye Ndoa Yangu

Kwa Shemeji yangu, Fundi wa Programu ya Ofisi ya Ndoa,

Shemeji, pokea salamu zangu. Mimi mzima, ila mchumba wangu, yaani dada yako, hajasema nami tangu Jumamosi. Nakuandikia kwa heshima zote, maana nikija kwenu mtanifungulia mbwa.

1. Kwenye fomu ya ndoa nilijaza tarehe yangu ya kuzaliwa, tarehe tupu isiyo na saa. Programu yako haipendi tarehe tupu. Ikaigeuza kuwa tarehe yenye saa kwa kuibandikia saa sita kamili usiku, kisha ikairudisha nyuma saa tatu ilingane na saa za dunia. Nikaangukia siku ya nyuma yake. Mama anaapa siku hiyo alikuwa anafua mashuka. Sasa rasimu ya cheti cha ndoa inamwita mwongo mtu aliyenizaa.

2. Dada yako alinikumbusha kwa mdomo wake: "Saa nne asubuhi, usichelewe." Lakini karatasi ya programu yako ilisema 16:00. Mimi ni msomi. Nikatoa sita, nikapata saa kumi jioni. Kati ya mdomo wa mchumba na mashine ya shemeji, niliamini mashine, kwa kukuheshimu wewe. Nilifika saa kumi kasorobo, nimenyoa, nimepaka mafuta mpaka viatu. Nikakuta kufuli. Mfagizi akaniambia bibi harusi alikaa kwenye benchi lile mpaka maua yakanyauka. Hapo niliumia sana, shemeji.

3. Hata hivyo, kumbukumbu rasmi ni ya kompyuta, na kwa kompyuta mimi niliwahi. Mkosaji ni yeye, aliyekuja saa sita kabla ya wakati. Naomba aniombe radhi kwa maandishi.

4. Na kwa kuwa programu yako hugeuza chochote, igeuze hasira yake iwe huruma.

Nisalimie wakwe, shangazi mwenye mkongojo, na huyo mbwa.

Wako mtiifu,
Shemeji mtarajiwa

N.B. Karani amenionyesha fomu yangu. Juu ya nafasi ya saa ya kufunga ndoa pameandikwa "Andika saa kama unavyoitamka". Nami, kwa usomi wangu, nilikuwa nimeshajumlisha sita kichwani, nikaandika kumi. Programu ikaongeza sita zake, ikapata 16:00. Kwa hiyo futa namba 2 na 3. Namba 1 ibaki kwa ajili ya mama. Dada yako ametuma ujumbe wa maneno matatu: Jumamosi saa nne. Nitakuwa kwenye lile benchi tangu saa moja, na sitageuza kitu.