Mgeni wa Dola

Jumatatu, 3 Juni
Benki imepiga simu. Mkopo wa nyumba yangu ni wa dola, na pesa yetu imeporomoka tena. Rejesho ni karibu mara mbili ya mwaka jana! Nilichagua dola kwa sababu riba ilikuwa nusu. Shemeji yangu mfamasia alikopa kwa pesa ya hapa. Leo kaja kutupa pole. Kanywa chai vikombe vitatu, anatabasamu tu.

Jumanne, 4 Juni
Dawa nimeipata. Chumba cha uani kipangishwe kwa mgeni, alipe dola! Dola ziingie, dola zitoke, mimi nikunje nne. Mke wangu kauliza cherehani yake itakaa wapi. Nikamwambia asinitie nuksi.

Jumatano, 5 Juni
Mgeni hawezi kulala chini. Nimeuza cherehani, nimenunua kitanda cha futi sita na neti mpya. Mke wangu hakupiga kelele. Alikunja vitambaa vya sare za shule, akavirudisha kwa wenyewe. Afadhali angepiga kelele.

Ijumaa, 7 Juni
Dalali kaleta mgeni! Nilivaa tai. Kumbe ni karani wa posta, kahamishiwa hapa juzi. Atalipa kwa pesa yetu, tena mwisho wa mwezi. Nikamjia juu dalali. Kajitetea kwamba niliomba mgeni, na huyu ni mgeni kwelikweli, hata soko hajui liko upande gani. Shemeji kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatatu, 10 Juni
Afisa mikopo kapiga simu. Kauliza kulikoni, mbona mama hajapeleka ile nyongeza yake ya kila mwezi. Nyongeza gani? Ya sare! Miezi yote hiyo nilidhani mshahara wangu ndio unajikaza. Najuta, najuta sana. Nimemwomba mke wangu radhi. Kasema amesikia, kaendelea kuchagua mchele.

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda kuikomboa cherehani. Mwenye duka niliyemuuzia sasa anauza kwa dola! Nikakimbilia benki. Afisa kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Ninayo. Nimekopa dola, kidogo tu, na dhamana ni cherehani yenyewe. Mke wangu bado sijamwambia. Dola imeshapanda mno, sasa itapanda kwenda wapi tena?