Hotuba ya Mkurugenzi wa Nishati Siku ya Kuzindua Taa za Chumba cha Bangi, Kijiji cha Nong Hin Taek

Mheshimiwa sana Abate wa hekalu letu, pamoja na watawa mliofuatana naye kutubariki. Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kiti chake, nacho kile pale mbele, naomba mtu asikikalie. Kamnan Prayong, mkuu wa tarafa. Wakuu wa vijiji, walimu, wahudumu wa afya wa kujitolea. Shangazi Lamduan, mwenyekiti wa ushirika wa akina mama. Fundi wa jukwaa Bwana Bunlert, mkwe wake Shangazi, aliyetuletea spika hizi, feni hii, na taa hizi sita nyeupe zinazonimulika usoni kiasi kwamba siwaoni lakini najua mnatabasamu. Bila kunisahau mimi mwenyewe, Thirawut Charoenphan, Mkurugenzi wa Nishati wa Wilaya, ambaye unyenyekevu wangu hauniruhusu kujitaja zaidi ya mara hii moja: habari za asubuhi!

(Makofi. Waliopiga ni wale waliokuja na gari la ofisi. Sisi wa nyuma tulikuwa tunahamisha viti, turubai linavuja.)

Ndugu wananchi, tumekusanyika hapa, kwa muktadha wa ajenda pana ya mageuzi ya nishati, na katika kutekeleza mpango mkakati wa wilaya, awamu ya kwanza, kipengele kile kirefu, kuzindua rasmi Mradi wa Taa za Matumizi Bora ya Umeme katika chumba hiki kilicho nyuma yangu, ambacho zamani kilikuwa ghala la mpunga, hakina dirisha hata moja, na ambamo akina mama wa ushirika, kwa leseni halali niliyoiona kwa macho yangu, wanakuza bangi ya dawa ndani ya maji bila hata kijiko cha udongo, ili zahanati yetu ipate mafuta ya kuwatuliza wagonjwa wenye maumivu. Mlango mmeufunga utepe wa waridi. Umependeza sana. Masanduku ya taa haya hapa jukwaani, yamepangwa kwa utaratibu wa kitaalamu, makubwa chini, madogo juu.

(Mtoto anauliza kwa sauti kwa nini masanduku yanapeperuka na feni. Mama yake anamwambia anyamaze, lakini yeye pia ameshayakazia macho.)

Tukumbushane tulikotoka. Kabla ya mimi kuteuliwa, chumba hiki kilikuwa kinatumia taa za sodiamu, taa za kizamani, za njano, zinazokula umeme kama fisi na kutoa joto la kuchomea kuku, hata ikabidi akina mama wafunge viyoyozi vya kupambana na joto la taa zao wenyewe, yaani unalipia umeme wa kuwasha moto kisha unalipia umeme wa kuuzima! Mimi nilipoingia humu kwa ziara ya kikazi nilitoka shati limelowa. Hapo hapo, bila kusubiri tathmini, bila kusubiri hata soda, nikatoa agizo la kihistoria: taa za sodiamu ziondolewe zote, mara moja, kabla ya Songkran, sikukuu yetu ya mwaka mpya ya kumwagiana maji, kwa kuwa mpya ziko njiani. Na zikaondolewa! Zilibebwa na lori la ofisi yangu. Huo ndio uongozi wa vitendo!

(Shangazi Lamduan, kutoka safu ya tatu: "Songkran ilipita, Mkurugenzi! Tukamwagiana maji, tukakauka, sasa tumelowa tena na mvua! Hizo taa zinakuja kwa miguu?" Vicheko.)

Swali zuri sana, Shangazi, na ninalipokea kwa mikono miwili. Watu wasio na utaalamu hudhani kuchagua taa ni kwenda dukani na kusema nipe ile. Hapana! Taa ya mmea si taa ya sebuleni. Ukinunua kwa kuangalia wati peke yake umeliwa, kwa sababu wati ni umeme unaoingia, si mwanga unaotoka. Lazima upime ni mwanga kiasi gani unaolifikia jani kwa kila wati unayoilipia, uangalie taa inatoa joto kiasi gani, itaning'inizwa umbali gani, na itadumu miaka mingapi kabla ya kufifia. Hayo yote niliyasoma kwenye kipeperushi. Nikaunda Kamati ya Uteuzi wa Taa, nikaiongoza, na kwa uchungu mkubwa wa kuacha familia zetu tukafanya ziara ya mafunzo katika jiji la ufukweni la Pattaya, ambako kuna taa nyingi, na tulizichunguza kila usiku.

(Mwalimu Wanpen: "Mkajifunza nini?" Sauti ya kiume: "Mwalimu, yaache ya Pattaya yabaki Pattaya!" Hata watawa wanaangalia chini wasionekane wanacheka.)

Tulijifunza kwamba taa za LED ndizo suluhisho! Zinatumia umeme kidogo, hazichomi, hazihitaji kiyoyozi kukimbizana nazo. Ila sasa ndugu zangu, hapo ndipo ulipokuja mjadala mzito wa kisera, kuhusu rangi. Kuna LED za zambarau na kuna LED nyeupe. Mimi nilizaliwa Jumamosi, na kwa mila zetu kila siku ya wiki ina rangi yake, ya Jumamosi kila mtu anaijua, ni zambarau, hivyo kwa maslahi ya umma nikapendekeza zambarau. Naibu wangu ni wa Jumatatu, akang'ang'ania njano. Mhasibu ni wa Alhamisi, anataka ya chungwa, na alikuwa tayari kujiuzulu. Ofisi ikagawanyika, watu hawakula pamoja, mmoja akahamisha meza. Ndipo nikaamua kwa busara kwamba tusiwe wabinafsi. Watakaokaa chini ya taa si sisi. Ni mimea! Basi na ichaguliwe rangi ya siku waliyozaliwa wao!

(Makofi ya kweli safari hii, hasa kutoka kwa wazee. Jambo hilo liliwaingia akilini.)

Asanteni. Ndipo tukaunda kamati ndogo ya kuchunguza mimea hii ilizaliwa siku gani, na hapo, ndugu wananchi, ndipo ugumu ulipoanza, kwa kuwa akina mama hawapandi mbegu, wanakata matawi kutoka kwa mimea mama na kuyatia majini yaote mizizi. Sasa niulize: tawi likikatwa Jumanne, likatoa mzizi Jumapili, na mama yake naye alikatwa Ijumaa, huyo amezaliwa lini? Tuliuliza hekaluni. Tuliuliza zahanati. Tulimuuliza mtabiri wa sokoni, akataka saa kamili ya kuzaliwa. Suala liko mezani mpaka sasa.

(Shangazi Lamduan amesimama. Ni mwanamke mfupi, ila akisimama unajua kwamba kuna mtu amesimama. "Mkurugenzi, mmea hauna birthday, una njaa! Ulituondolea taa zetu, tukakuamini. Mimea mama imebaki mitatu. Mitatu! Majani yamepauka, shina limekuwa refu kama mlevi anayetafuta mlango. Ikifa hiyo hatuna pa kukata tawi lingine, na daktari wa zahanati hapokei aina nyingine. Miaka yote tuliyohangaika inakwenda na maji!" Hakuna aliyecheka.)

Nakuelewa sana Shangazi, na serikali inakuelewa. Lakini nina taarifa kwamba mimea hiyo haijakosa mwanga kabisa. Au nadanganya?

(Shangazi: "Inamulikwa na taa za kuwindia vyura! Tunazivaa kichwani, tunaingia kwa zamu, tunaitazama kama tunaichumbia! Mimi shingo hii haigeuki!" Mumewe, Mzee Khamsing: "Na sisi vyura hatujaonja tangu mvua zianze! Wanaimba usiku kucha wanajua hatuna taa!" Vicheko mpaka turubai likamwaga maji.)

Mmesikia? Mmesikia wenyewe? Huu ndio ubunifu! Ndugu waandishi, andikeni: Mfumo wa Taa Tembezi wa Nong Hin Taek, uliobuniwa chini ya uongozi wangu, ambapo mwanga unaufuata mmea badala ya mmea kuusubiri mwanga, bila nyaya, bila kiyoyozi, na pamoja na faida ya pembeni ya kuhifadhi vyura! Wilaya nyingine wanasoma tu mambo haya!

Na sasa takwimu, maana mimi si mtu wa maneno. Lengo tulilowekewa na mkoa lilikuwa kupunguza umeme wa chumba hiki kwa asilimia arobaini. Arobaini tu! Ndugu zangu, nasimama hapa kifua mbele kuwatangazia kwamba tumepunguza kwa asilimia mia moja. Mita haizunguki! Nimeiangalia mwenyewe asubuhi, imetulia kama sanamu, buibui ametanda juu yake. Niambieni, ni mkurugenzi gani mwingine katika nchi hii amefikia asilimia mia? Jibu ninalijua, lakini nitawaachia ninyi mlitamke.

(Kamnan Prayong anapiga kofi moja, anaona yuko peke yake, anajifanya ameua mbu.)

Kwa hiyo tunapoelekea kukata utepe, nataka kaulimbiu ya mradi iingie mioyoni. Nikisema "Umeme!", ninyi mnasema "Tuokoe!" Umeme!

("Tuokoe." Kama watu wanaougua.)

Sijasikia! Kila mtu aanze pale alipo! Ukiona kinachowaka bila faida, usisubiri mkurugenzi, zima! Umeme!

("Tuokoe!" Shangazi Lamduan amemgeukia mkwe wake Bunlert na kumnong'oneza. Bunlert anakuna kichwa, kisha anatabasamu. Feni ya jukwaani inazimika. Masanduku yametulia.)

Naam, nashukuru kwa moyo huo, ingawa feni hiyo ilikuwa na faida. Nimalizie kwa shukrani. Nalishukuru duka la vifaa vya umeme la mjini kwa kutuazima masanduku haya matupu kwa ajili ya picha, naomba msiyakalie, yanarudi mchana. Nawashukuru wajumbe wa kamati, ambao kutokana na suala la siku ya kuzaliwa hawakuweza kuagiza taa yoyote, wala kuiombea bajeti, na hivyo kuliepusha taifa na gharama. Na kwa namna ya pekee namshukuru Shangazi Lamduan kwa kukubali kuziondoa zile za zamani, kwani bila giza lake tusingekuwa na mradi wa kuzindua leo! Umeme!

("TUOKOE!" Hiyo ilisikika mpaka kijiji cha pili. Bunlert amepanda jukwaani. Anachomoa taa nyeupe ya kwanza, anaikabidhi kwa Shangazi. Ya pili kwa Mwalimu Wanpen. Mzee Khamsing anaukata mwenyewe ule utepe wa waridi kwa kisu cha kuchunia vyura.)

Subirini, ndugu zangu, hizo zimekodiwa! Hizo ni LED! Bunlert, hizo zinanimulika mimi!

(Bunlert: "Ndizo hizo hizo, Mkurugenzi. Nyeupe, hazichomi, umeme kidogo. Zangu hizi, nimezikopesha kwa mama mkwe mpaka hapo mmea utakapokumbuka birthday yake." Ya tano. Ya sita. Jukwaa limekuwa kiza, mawingu yamefunga. Nyuma yake mlango wa ghala uko wazi, akina mama wanashikiana ngazi, na ndani mwanga mweupe umejaa tele juu ya mimea mitatu iliyopauka. Shangazi anavua taa ya kichwani, anamrushia mumewe. Kisha spika nazo zinakatika, na Mkurugenzi anaendelea kwa koo lake.)

Wananchi! Asanteni kwa kunisikiliza! Mpo? Mnanisikia?

(Tukamjibu, maana sisi si watu wa kumdharau mgeni: "Kukusikia tunakusikia, Mheshimiwa! Kukuona ndio hatukuoni. Tunaokoa umeme!")